Chai ya Saa Nne

Kipkemboi hakuwa na kosa ambalo mkewe Wanja angeweza kulipeleka hata kwa wazee wa kanisa. Hakunywa pombe. Hakuwahi kumwinulia mtu mkono. Viatu alivivua mlangoni bila kukumbushwa, na kila Jumapili alikaa kanisani mpaka tangazo la mwisho, jambo ambalo hata mchungaji mwenyewe huliona gumu. Dhambi yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa chai.

Aliinywa ikiwa moto wa kuunguza ulimi, kwenye kikombe cha bati kinachotosha watu wawili, akiivuta pamoja na hewa: fuuurrp! Kisha kimya kidogo, halafu "aaah" ndefu iliyotoka tumboni. Fuuurrp, aaah, mpaka kikombe kiishe. Halafu alijaza cha pili.

Kwa miaka kumi na tatu ya ndoa Wanja hakuwa na habari na sauti hiyo. Aliisikia vile mtu husikia mvua juu ya mabati, ipo tu. Asubuhi alikuwa shuleni akifundisha, na Kipkemboi alikuwa Kaptagat na vijana wake wa mbio. Zamani yeye mwenyewe alikimbia ng'ambo, si kushinda bali kuwaongoza wenzake kwa kasi mpaka katikati ya safari, halafu anajitoa kando wengine wakashinde. Mshipa wa kisigino ulipomkataa, akawa kocha. Kila siku alirudi nyumbani saa nne na baridi ya msituni bado iko mwilini, akanywa chai yake peke yake kwa amani.

Halafu shule ikawapunguza walimu walioajiriwa na bodi, na Wanja akawa mmoja wao. Hakulia sana. Alinunua kompyuta iliyotumika, akaanza kuwafundisha wageni Kiswahili kwa mtandao, sebuleni mwao pale mtaa wa West Indies, ambapo kati ya sebule na jikoni hakuna mlango bali pazia. Saa nne ndiyo saa wanafunzi wake wa Ulaya walikuwa wameamka na kunawa uso. Kila somo likiisha walimpa nyota, na mwalimu asiye na nyota nyingi hapati wanafunzi. Kazi ya kufanyia nyumbani ina mambo. Ndipo mtu hugundua ameolewa na nani.

Siku moja alikuwa na mwanafunzi Mjerumani, mzee mpole aliyejifunza Kiswahili vitabuni na kukisema kama anasoma hati ya korti. Nyuma ya pazia ikapigwa fuuurrp ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mzee akainua kidole.

"Samahani, Mwalimu. Je, ng'ombe anakunywa maji nyumbani kwako?"

Wanja angesema, ni mume wangu. Ni maneno matatu tu, tena ya somo la kwanza kabisa. Lakini aliona haya, na haya humfanya mtu mjinga. Akacheka.

"Ndiyo, ni ng'ombe wangu. Leo ana kiu sana."

Mjerumani akafurahi, akaandika kwenye daftari: ana kiu. Nyuma ya pazia ile "aaah" haikuja. Wanja alimshukuru Mungu kwa hilo, wala hakujiuliza kwa nini.

Wakati wa chakula cha mchana alilileta jambo mezani.

"Baba Mercy, hiyo chai yako. Wanafunzi wanaisikia."

"Wanaisikia?"

"Kila kitu wanasikia. Kunywa pole pole ama ungoje nimalize. Na hiyo kukohoa-kohoa. Na kuvunja vidole."

"Sawa, Mama Mercy."

Angeishia hapo, pengine tusingekuwa na hadithi. Lakini mtu akishaanza kusikia kitu, masikio hayalali. Kipkemboi alivuta chai Jumapili, siku isiyo na mwanafunzi hata mmoja, na Wanja bila kuinua macho akamtolea "tss", ile ya kufukuzia kuku. Alimtolea tena Jumatatu. Mbele ya wageni alimtazama tu, na ilitosha. Kipkemboi alikuwa mtu wa mazoezi. Mtu aliyefundisha miguu yake kuhesabu sekunde hashindwi kufundisha midomo. Alianza kuiacha chai mpaka ipoe, itande utando juu, kisha akaimeza kama dawa. Kikombe cha pili hakukitaka tena. Mara nyingine hata cha kwanza alikimwaga nusu kwenye sinki.

Nyota za Wanja zikapanda. Alimpigia dadake Nyokabi simu, akajisifu kwamba mwanaume hufundishika, ni mwalimu tu anayehitajika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha Kipkemboi hakikuwa na mshindo wowote, ndiyo maana Wanja hakukishtukia.

Mwezi wa saba walikwenda Sugoi kumwona mamake Kipkemboi, Mama Naomi. Binti yao Mercy alikuwa shule ya bweni, kwa hivyo walikwenda wawili tu. Mama Naomi alikuwa amefunikwa macho na mtoto wa jicho, akiwatambua watu kwa hatua zao, lakini kazi ya mikono hakuiacha. Aliposikia mwanawe anakuja, aliosha kibuyu, akakipaka ndani mkaa wa mti wa senetwet, akatia maziwa na kuyaacha yagande. Mursik yake ilijulikana kijiji kizima. Hata mwaka ule Kipkemboi aliporudi bila nishani, wenzake wakipokewa kwa nyimbo, mamake alimngoja uwanja wa ndege na kibuyu, akamnywesha kama aliyeshinda.

Alimimina kikombe, akampa. Akaketi, mikono mapajani, akainamisha kichwa upande mmoja.

Wanja alidhani mama mkwe anasinzia. Kumbe alikuwa anangoja. Katika nyumba ile sauti ndiyo ilikuwa asante. Babake Kipkemboi alikunywa hivyo, na babu yake, na kwa mama asiyeona, hakukuwa na njia nyingine ya kujua kama mkono wake ungali unajua kugandisha maziwa.

Kipkemboi alikunywa. Alikunywa vizuri, kwa adabu, bila hata tone la sauti.

"Wewe bado hujakunywa?" Mama Naomi akauliza.

"Nimekunywa, Mama. Imeisha."

"Imeisha?" Alinyoosha mkono, akakipapasa kikombe ndani kwa kidole. "Iko na shida? Imechacha vibaya?"

"Hapana, Mama. Ni tamu sana."

"Mbona sisikii?"

Kipkemboi alimtazama mkewe. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtoto anayeomba ruhusa, na macho hayo yalimchoma Wanja kuliko matusi. Kisha akajimiminia tena, akavuta. Ilitoka kitu kikavu, kifupi, cha kuigiza. Akaongeza "aaah", na hiyo ndiyo iliyoharibu kabisa.

"Wacha," mamake akasema polepole. "Usinidanganye kwa vile nimezeeka. Mkono umeisha, basi umeisha. Ni kawaida."

Ulimi wa Wanja ulikuwepo mdomoni. Sentensi aliijua: Mama, si maziwa, ni mimi. Aliitengeneza vizuri, hata ngeli akazipanga, na hakuisema. Alisema mursik ni nzuri mno, akaomba aongezewe. Mama Naomi akamwongezea kwa heshima ile apewayo mgeni anayesifu chakula ili asiaibishe wenyeji.

Walipokuwa wakitembea kuelekea barabarani, alimgeukia mumewe.

"Si ungemwambia ukweli?"

"Ningemwambia nini?" Kipkemboi alijibu bila kusimama. "Ati mimi ni ng'ombe?"

Alisikia, basi. Miezi yote hiyo alikuwa amesikia, na alikuwa amevumilia. Wanja alishikwa na aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alisema pole, akasema tena, na mumewe akasema yameisha, kwa sauti ile ile aliyosemea "sawa, Mama Mercy".

Kesho yake saa nne aliahirisha somo. Akachemsha chai mwenyewe, ya maziwa mengi, akamwekea ikitoa moshi.

"Baba Mercy, kunywa vile ulikuwa unakunywa. Tafadhali."

Kipkemboi alikishika kikombe, akakiinua, akakisogeza mdomoni. Kisha akakirudisha mezani.

"Wacha ipoe kwanza," alisema. "Nimezoea."

Baada ya wiki tatu wakapata habari kwamba Mama Naomi amegawa vibuyu vyake. Kimoja alimpa Jepkemboi wa jirani, vingine akawapa akina mama wa kanisa, na maziwa yote sasa alikuwa anayapeleka kwa kiwanda. Kipkemboi alipokea habari hiyo kwenye simu akiwa amesimama jikoni. Alisema "sawa, Mama", akakata simu, akabaki akilitazama pazia.

Wanja hakungoja Jumamosi. Aliwaandikia wanafunzi wa siku hiyo kwamba ana dharura, akaenda Sugoi peke yake. Alimkuta Mama Naomi uani, anachambua maharagwe kwa vidole. Safari hii hakuipanga sentensi. Alipiga magoti palepale na kuyamwaga yote: kompyuta, Mjerumani, ng'ombe, zile "tss", kila kitu. Alilia, na hakujizuia.

Mama Naomi aliendelea kuchambua mpaka alipomaliza kusikia.

"Kwa hivyo maziwa haikuwa na shida."

"Haikuwa, Mama. Ilikuwa nzuri. Mkono wako uko sawa kabisa. Tafadhali chukua vibuyu vyako."

Alitarajia kuona uso wa mama mkwe ukifunguka. Badala yake uliingia kivuli ambacho Wanja hakukiona hata siku ile ya mursik.

"Mtoto wangu," Mama Naomi akasema, "afadhali ingekuwa maziwa. Maziwa ikiharibika unamwaga, unaosha kibuyu, unaanza tena. Lakini mtu akiogopa kunywa chai kwake, hapo unamwaga nini?"

Mama Naomi hakumfukuza wala hakumwambia anyanyuke. Alisogeza sinia la maharagwe katikati yao, na wakachambua wote wawili.