Kibali cha Barabara Tambarare

Siku za gulio Raheli aliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kabichi kumi na mbili zimefungwa kwa mpira wa tairi kwenye keria, karoti kwenye kikapu mbele ya usukani, na khanga ya pili mabegani kwa ajili ya ukungu. Kutoka Kwemtindi hadi Lushoto mjini ni kilomita nane, na zote zinapanda. Pale Kona ya Jiwe madereva wa malori huingiza gia ya kwanza na kuacha mazungumzo. Wenye baiskeli hushuka na kusukuma, na wenye kiburi hushuka hatua ishirini mbele.

Raheli hakushuka. Tangu mwaka wa sabini na nne, kuanzia saa hiyo hadi jua lilipogusa kilele cha Magamba, barabara ilimlalia ikawa tambarare. Aligundua hivyo asubuhi moja aliposahau kushuka. Aliendelea kukanyaga pedeli huku anawaza habari za mbegu, na alipokumbuka kushuka alikuwa keshafika mjini. Waliokuwa wakitembea kwa miguu saa ile ile walipanda kama kawaida, wanahema, na yeye akawapita taratibu wakisalimiana. Hakumficha mtu. Ni kwamba hakuna aliyemwuliza.

Alikuwa na watoto sita na mama mkwe. Tangu kijiji kikusanywe kando ya barabara, nyumba zilibanana hivi kwamba ukipiga chafya jikoni, mtu wa nyumba ya tatu anakuambia pole. Mjini nako, siku ya gulio, kulikuwa na vurugu tupu: malori ya Tanga yanapiga honi, wachukuzi wanapita na magunia wakipayuka watu wapishe njia, redio tatu zinasema mambo matatu, na akina mama wa viazi wanagombania kivuli. Baina ya kelele hizo mbili Raheli alikuwa na dakika arobaini. Alisikia mnyororo wa baiskeli ukizunguka, na maji ya kijito bondeni, basi. Alizipenda dakika zile kuliko Krismasi, na hakuona aibu kujiambia hivyo.

Alhamisi moja alimkuta Shabani, katibu wa kijiji, akisukuma baiskeli yake Kona ya Jiwe, shati limemganda mgongoni.

"Shikamoo, Mama Sefania," alisema katibu. Sefania ndiye kifungua mimba wa Raheli.

"Marahaba, Katibu. Unapanda?"

"Napanda. Wewe je, hupandi?"

"Hapa kwangu ni tambarare."

Shabani aliinama akatazama magurudumu ya Raheli, akaona ni kweli, akatoa kalamu mfukoni.

Jumatatu jambo hilo likawekwa kwenye ajenda za kikao cha halmashauri ya kijiji, chini ya mbolea na juu ya mengineyo. Katika kumbukumbu liliandikwa "Barabara kulala alfajiri." Wajumbe hawakupoteza muda kuuliza inawezekanaje, walishawahi kujadili mambo magumu zaidi, kama vile trekta lililoahidiwa. Walichotaka kujua ni nani mwenye haki nayo. Mwenyekiti akasema barabara ile ilichimbwa kwa msaragambo mwaka wa sitini na nane, kwa nguvu za wananchi wenyewe, kwa hiyo inawalalia waliotoa jasho, na hiyo ndiyo siasa yetu hasa. Kikao kikapiga makofi. Daftari la mahudhurio ya msaragambo likatolewa kabatini, likapanguswa vumbi, na majina thelathini na manane yaliyokuwamo yakaandikiwa vibali vyenye muhuri. Asiye na kibali asipande baiskeli kabla ya jua kutoka, isije njia ikajaa.

Majina yote thelathini na manane yalikuwa ya wanaume.

Hakuna aliyedanganya. Daftari lilikuwa na safu moja tu ya majina, nayo iliandikwa "Mkuu wa kaya". Mwaka ule wanaume wengi wa Kwemtindi walikuwa chini Korogwe wakikata mkonge, na wachache waliobaki walikuwa kwenye kamati ya barabara, wakiisimamia kwa mikono nyuma. Jiwe la konani lilivunjwa na wanawake. Waliliwashia moto wa kuni kutwa nzima, kisha wakalimwagia maji ya kijito hadi likapasuka, wakayabeba mapande yake kichwani. Raheli alifanya kazi hiyo siku kumi na moja, mtoto mgongoni. Kila jioni karani aliita, "Kaya ya Kornelio," yeye akaitika, karani akatia alama. Kijiji kizima kilijua hivyo, na kilikuwa kimejua miaka yote.

Kibali cha nyumbani kwake kikaja kwa jina la mumewe, Ndugu Kornelio. Kornelio si mtu mbaya. Alikishika kile kikaratasi kwa vidole viwili, akamtazama mkewe, akatazama chini.

"Nami nifanyeje? Wameniandika," alisema.

Alhamisi, siku ya gulio, Raheli akamfungia mumewe kabichi kwenye keria. Yeye mwenyewe alipita njia ya mkato ya mlimani, tenga kichwani. Alifika sokoni wanunuzi wazuri wakiwa wamekwisha ondoka. Jioni alimzaba kofi Sefania kwa kumwaga maji, mtoto ambaye hakuwa amepigwa mwaka mzima, na wote wawili wakalia. Ndipo akajua vizuri ni kitu gani alichonyang'anywa.

Kornelio alirudi akichechemea. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope.

"Mama Sefania, ile barabara hainitaki."

"Ulikaa sawasawa juu ya tandiko?"

"Nilikaa. Nikaanguka na karoti. Na si mimi peke yangu, tulikuwa wanaume thelathini na kitu tunasukuma. Katibu mwenyewe alisimama mara sita." Alivua kiatu kimoja, akakiangalia. "Mwaka ule nilikuwa Korogwe."

"Najua. Ulirudi Krismasi."

"Basi nenda wewe," alisema Kornelio, akavua na cha pili.

Lakini kibali kilikuwa kibali, na pale konani alikuwa amewekwa mgambo, Issa, mwenye orodha na fimbo. Ikabidi halmashauri ikae tena. Safari hii wanawake walikwenda pia, wakakaa upande wa dirishani. Hadija, jirani wa Raheli na mjane wa Selemani, ndiye aliyesimama.

"Waliovunja jiwe tupo hapa, hatujafa," alisema. "Andikeni majina yetu."

Shabani hakubisha. Alisema, kwa heshima, kwamba wanayosema akina mama ni kweli tupu na barabara yenyewe imeshuhudia. Ila daftari lilikwisha kwenda wilayani likarudi na muhuri, na safu ni ya mkuu wa kaya. Kuifuta ni mpaka mkoa. Wajumbe wakanung'unika kwa huruma. Mwisho mwenyekiti akapata njia: vibali vibaki vilivyo, na kila kaya imtume inayemtaka, mradi akifika kwa mgambo aitike jina lililoandikwa. Hilo likapita bila kupingwa. Raheli alitoka nje miguu ikiwa myepesi, akaona aibu kidogo kwa furaha aliyokuwa nayo.

Jumapili alfajiri, nayo siku ya gulio, alikuwa Kona ya Jiwe, na wanawake kumi na wanne nyuma yake, wengine juu ya baiskeli za kuazima. Issa aliinua kandili, akasoma kibali, akamtazama mwanamke aliyemfahamu tangu utotoni.

"Ndugu Kornelio?"

"Ndiyo mimi."

"Onga makeo, Ndugu Kornelio," Issa alimwamkia kwa Kisambaa. "Pita."

Raheli akapita. Barabara ikamlalia mbele yake yote, hadi mjini, imetulia. Alikanyaga pedeli mara mbili, akaiacha baiskeli iende. Kijito kilisikika bondeni. Nyuma yake Issa aliita, bila haraka, "Marehemu Selemani?" na sauti ya Hadija ikaitika.