Sauti Chini ya Gunia

Mwizi aliingia mchana kweupe, fundi cherehani akiwa ameinamia mashine yake. Alimvika gunia kichwani kwa nyuma, akambwaga sakafuni na kumkanyaga mkono mpaka vidole viwili vikavunjika. Na matusi juu! Alimfokea kwa sauti ya kukwaruza, sauti ya mtu aliyepandwa na mashetani, kisha akamtia teke la mbavu na kutoweka na mkoba. Ndani mlikuwa na simu, na hati ya nyumba ambayo marehemu baba yake alimwachia yeye peke yake.

Siku ya nne polisi wakamwita. Sajini alikuwa amewapanga wanaume watano nyuma ya pazia, kila mmoja asome mstari wa gazeti ili fundi aitambue sauti ya mwizi. Wakasoma polepole, kwa adabu, kama wanafunzi mbele ya mkaguzi. Jamani, mtu anayekuvunja vidole huwa anakusomea gazeti? Lakini nani amfundishe sajini kazi yake? Fundi alikaa akisikiliza, mdogo wake wa kiume amemshika ule mkono mzima. Mdogo huyo mtaa ulimwita Mpole, kwa kuwa tangu utotoni hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

“Usiogope, dada,” Mpole alimnong'oneza. “Tafuta mwenye koo bovu tu.”

Wa tatu alikuwa na koo bovu. Alikuwa fundi viatu wa pale kona, koo limeliwa na gundi na sigara miaka thelathini.

“Wa tatu,” fundi cherehani akasema.

Askari walipomtoa mzee wa watu kumpeleka garini, umati ulishajaa getini. Wakamnyakua mikononi mwa askari. Mawe, mateke, ubao wenye misumari! Jino likaruka, damu ikamlowanisha ndevu. “Mama, nakufa! Si mimi!” akalia, na sauti ikatoka nyembamba, ya juu, haina mkwaruzo hata chembe. Fundi akaelewa. Mwizi hakuwa huyu, na mzee alikuwa anauawa kwa neno lake.

“Mwacheni! Nimekosea!” alipiga kelele, akijipenyeza kwa viwiko. Nani amsikie?

“Nyamaza, mbwa wewe!” mwanamume mmoja akamfokea mzee. “Leo utakoma!”

Fundi akaganda. Mbavu zake ziliitambua sauti ile ya kukwaruza kabla ya masikio. Akageuka, akamwona Mpole ameinua tofali, mishipa ya shingo imemsimama, povu mdomoni. Ama kweli, simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Akalidaka lile tofali kwa mkono wenye plasta, maumivu yakampanda hadi begani.

“Dada, utaumia,” Mpole akasema, na sauti ikawa laini tena papo hapo. “Kaa pembeni.”

“Ni wewe uliyenivunja vidole! Hati ya baba umeiweka wapi?”

Mpole akarudi nyuma hatua moja. Watu wakatazamana. Kisha wakamwacha mzee na kumzunguka yeye.

“Dada, waambie,” akanong'ona. “Waambie umekosea tena.”

Fundi alimpenda mdogo wake. Mama yao alipokufa, yeye ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamsomesha, na sasa moyo ulimuuma kuliko vidole. Neno moja tu lingetosha kumwokoa. Alipiga magoti kando ya fundi viatu, akavua kitambaa chake cha kichwa na kuanza kumfuta damu machoni. Mpole alipoanza kupiga mayowe, hakugeuka.