Kuwasha Si Kuvuta

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, moto wa kuni ulikuwa umeshakolea jikoni kwa Lidwina, Matogoro. Binti yake Noela, wa kidato cha tatu, alikuwa amevaa sare. Begi lilikuwa mlangoni.

Alikuwa amerudishwa nyumbani wiki mbili, baada ya matroni wa bweni kumkuta na vepu, sigara ya umeme, ndani ya soksi. Sharti la mkuu wa shule, Sista Kunegunda, lilikuwa fupi: aache kuvuta; akirudi ananuka moshi, hapokelewi tena. Lidwina alihamia chumba cha bintiye. Alikwenda naye shambani, kisimani, misani. Siku za mwanzo mtoto alitetemeka na kukataa chakula. Wiki ya pili alianza kula.

Gaspari, baba yake, alikitupa kile kidude chooni, akaapa kuwasaka watoto wa mjini waliomharibia binti.

Sasa alikaa kibarazani na koti lake la kanisani, tayari kumsindikiza shuleni. Akachomoa sigara, akainyoosha pembeni bila kugeuka.

"Noela! Kaniwashie."

Ndivyo ilivyokuwa tangu Noela aanze kubeba ndoo ndogo. Kiberiti hakipotezwi bure wakati moto upo jikoni: mtoto anaipokea sigara, anaigusisha kwenye kaa, anaivuta hadi ishike, anampelekea baba. Gaspari mwenyewe alimwashia baba yake hivyohivyo, Namtumbo, kwenye mashamba ya tumbaku.

Noela aliipokea, akaingia jikoni. Lidwina alitoka chumbani mbio.

"Baba Noela, leo? Leo hii?"

"Kuwasha si kuvuta. Acha maneno, tutachelewa."

Lidwina alimwacha, akakimbilia jikoni. Noela alikuwa amechuchumaa. Alivuta mara moja, ncha ikawaka. Kazi aliyotumwa iliishia hapo. Akavuta tena, macho ameyafumba, akaushikilia moshi kifuani kama mtu anayekunywa maji baada ya palizi. Akavuta tena.

"Mwanangu!"

Noela alimpita, akapiga goti kibarazani, akampa baba sigara kwa mikono miwili.

"Asante, mama yangu," Gaspari alisema.

Lidwina alimsugua binti meno kwa majivu, akamtafunisha majani ya mpera, akamwosha vidole kwa limau mpaka vikawa vyekundu. Hakukumbuka nywele.

"Tumsifu Yesu Kristo," Gaspari alisalimu getini kwa shule.

"Milele, amina." Sista Kunegunda alinusa mikono ya Noela, kisha akainamia kichwa chake.

"Huu si moshi wa kuni. Nani kakupa?"

Noela alitazama chini.

"Jibu!" Gaspari alifoka. "Mtaje huyo mshenzi nimshughulikie!"

"Ni wewe, baba Noela." Lidwina alipiga magoti kwenye changarawe, akaishika sketi ya Sista. "Sista, ni nyumbani. Ni kwetu. Mchape, mpe adhabu yoyote, ila mwache hapa. Nikirudi naye kule sina pa kumficha."

"Alikuwa ananiwashia tu," Gaspari alisema, akimtazama mlinzi kama anayetafuta shahidi. "Kila nyumba wanafanya."



"Nilishasema, mama," Sista alisema taratibu. "Wako wasichana wengine bwenini."

Akaitoa sketi mikononi mwa Lidwina, kidole kimoja baada ya kingine. Mlinzi alilibeba begi hadi nje, akaliweka miguuni pa Noela, akafunga geti.