Waliofurahia Shimo Kavu

Sijawahi kuona watu wakifurahia shimo kavu, lakini wale wageni walifurahi. Walichimba jiwe nyuma ya kijiji chetu cha Ujamaa, huku Ilongero, mtambo ukinguruma hadi kuku wakasusa kutaga. Walipoteremsha kamba yao ndefu na kuipandisha ikiwa na vumbi tupu, wakapongezana na kucheka. Sisi wanawake tulikuwa tumesimama pale na madebe kichwani. Kwetu Singida, shimo kavu ni msiba.

Nilimbana Kitwana, kijana wa mjini aliyekuwa mkalimani wao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wanatafuta nini huko chini, kama si maji?"

Akatazama pembeni. "Wana taka za viwanda vyao vya mabomu. Zina sumu isiyoonekana, mama. Inamuunguza mtu bila moto, na haiishi hata wajukuu wa wajukuu wakizeeka. Wanataka kuzifukia chini kabisa, pasipofika maji. Maji yakizigusa, yatatuletea sumu huku juu."

"Kwao hakuna mawe?"

Akageuka, akarudi kwenye mtambo.

Mume wangu Mughwai, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa anajua yote. Hilo ndilo lililoniuma.

"Wametuahidi kisima cha pampu, mama Andrea," alisema. "Si wewe unayelalamikia shingo kila siku?"

"Pampu ya kunywesha nani? Maiti?"

"Wataalamu wamesema hakuna hatari."

"Basi wakazifukie chini ya vitanda vyao!"

Aliinua mkono, akaushusha. Tangu siku hiyo kila mtu alikula peke yake.

Shimo liliachwa wazi kwanza, waone kama maji yatachuruzika kutoka kwenye mwamba. Jumapili wageni wakaenda mjini, na mlinzi akaifuata pombe yake ya mtama. Mchana nikawasimamisha wanawake njiani. Walikuwa wanatoka kwenye mto mkavu, na maji ya kufukua mchangani kwa mikono, kata kwa kata. Nikawaeleza kila kitu. Jirani yangu Martha alilia kwa hasira, kisha akawa wa kwanza kuinamisha debe lake shimoni. Tulimimina yote. Jioni ile watoto walilia kiu, tukawalaza hivyohivyo.

Wageni waliporudi kupima, kamba ilipanda imelowa. Mkubwa wao alitukana kwa lugha yake, akaupiga mtambo teke. Kitwana alinitazama, akatazama tope lililobaki ukingoni mwa shimo, akalifukia kwa kiatu.

"Wanasema mwamba una nyufa," alitafsiri. "Hapa hapafai. Wanaondoka."

Waliondoka, na ahadi ya pampu wakaondoka nayo.

Mughwai alikuja kujua, akatangaza mkutanoni kwamba mke wake ndiye aliyekinyima kijiji maji. Wanawake walewale waliomimina pamoja nami wakaanza kutema mate nikipita. Mwaka uliofuata mtoto wa mwisho wa Martha alikufa kwa kuhara. Martha anasema pampu ingemwokoa. Huenda ni kweli, na neno hilo linaniamsha kila usiku. Lakini wangerudi leo, ningemimina tena.

Jana tulikutana mtoni. Martha alinisukuma kwa kiwiko ili achote kwanza, nikampisha. Alijaza debe, akachota kata moja zaidi, akainywa palepale mbele yangu, yote, bila woga wowote wa sumu.