Ulichokisema Jumuiyani

"Usinizungushe, dada! Nijibu. Ulisema au hukusema?"

Genoveva aliendelea kupepeta maharage kana kwamba ungo ndio ulioulizwa.

"Nilitoa nia ya sala, Marieta. Jumuiya nzima imekuombea. Hiyo nayo ni dhambi?"

"Ulitaja mkono wa Lucia?"

Genoveva akaacha kupepeta. "Ningeombaje bila kusema kinachokusumbua?"

Tangu tope liporomoke kutoka Mlima Hanang na kufukia chumba alichopanga Marieta na rafiki yake, marehemu Lucia, aliishi hapa Nambis kwa dada yake, akilala na viatu miguuni. Mvua ikigonga bati tu, alikuwa barabarani. Nesi Rahel wa kliniki alimshauri amtafute mtu mmoja anayemwamini, amweleze yote. Mmoja. Miezi mitano ikapita kabla hajamchagua dada yake na kumwambia: alikuwa ameushika mkono wa Lucia, akauachia ili ajiokoe mwenyewe. Wiki mbili zilizofuata alilala bila viatu.

Asubuhi hii mama yake Lucia alikuwa amepiga simu kutoka Getanuwas. Hakusalimia. "Nimesikia uliuachia mkono wa mwanangu. Ni kweli?" Marieta akakata simu.

"Mimi sikumpigia mtu," alisema Genoveva. "Watu wana midomo."

"Nilimwambia mtu mmoja, dada. Wewe ukawafanya ishirini na wawili."

"Basi mwambie mama wa watu nimedanganya! Mwambie mkono uliteleza. Niite mwongo, nitakubali. Nani alikuwepo?"

"Mimi nilikuwepo."

Marieta aliona wazi kwamba akiusema uongo huo leo, atausema tena kila atakapokutana na yule mama, mpaka mmoja wao azikwe.

"Kuanzia leo sikuambii kitu," alisema. "Hata kichwa kikiniuma, utanikuta nimeshakunywa dawa."

"Marieta, mdogo wangu..."

"Pepeta maharage yako."

Akatoka uani, akabonyeza namba ya Getanuwas. Ikapokelewa mara moja.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikiwa. Akaendelea hivyohivyo.

"Ni kweli. Niliuachia. Tafuta mahali uketi, mama, nikueleze mimi mwenyewe."

Akaanza na ule mngurumo wa kwanza, Lucia akiwa bado anachana nywele.