Hesabu Imetimia

Watoto wa darasa la nne wananiita Bi Hesabu, na sijawahi kuwakataza. Nikitoka nao getini nawahesabu, tukivuka barabara nawahesabu. Kila mmoja ana namba yake ya kudumu, naye huitamka kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka thelathini na saba. Utaratibu huo niliurithi kwa walimu wa zamani. Mwalimu Mkuu hunicheka, lakini ni yeye aliyeniambia, "Akipotea mtoto hata mmoja, ziara zako zimekwisha, na kazi yako pia." Nikamjibu kwamba historia ya kukariri ubaoni inawalaza watoto usingizi. Nina mdomo, najua.

Basi asubuhi hiyo tulikwenda kuiona shule ya zamani, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Imebaki na chumba kimoja tu chenye paa. Tulikuwa mimi, mwalimu wa mazoezi kutoka chuoni, ambaye ni kijana mpole mpaka anakera, na watoto wote thelathini na saba, akiwemo mjukuu wangu, namba ishirini na mbili. Mama yake yuko mbali kikazi, kwa hiyo analala kwangu, anakula kwangu, na darasani hapati upendeleo wowote.

Mlinzi wa jengo, mzee mkavu mwenye funguo kiunoni, alitufungulia kufuli bila salamu.

"Shikamoo, babu!" watoto wakaimba.

"Marahaba. Msisogeze madawati," akasema, akaegemea mlango.

Niliwagawia kazi. Wengine wapime madirisha kwa hatua, wengine watandaze karatasi juu ya madawati na kusugua penseli, ili maandishi yaliyochongwa zamani yajitokeze. Jamani, raha! Chumba kizima kilikuwa kinachakarika.

"Mwalimu, huyu kachonga namba tu!" akapiga kelele Kidole. Tunamwita Kidole kwa sababu mkono wake haushuki chini. Dawati la mwisho, karibu na ukuta, lilikuwa limechongwa ishirini na mbili, tena na tena, namba juu ya namba. Mjukuu wangu akacheka, akalikalia kama lake.

Kila ziara yangu humalizika kwa mahojiano: watoto humuuliza mwenyeji maswali. Kidole akawahi. "Babu, kwa nini shule hii ilifungwa?"

Mlinzi akanitazama. "Wajibu tu, mzee wangu," nikasema. Laiti ningejua.

"Siku ya kufunga shule kwa likizo, kiranja aliwahesabu wenzake hapa mlangoni," akaanza. "Kila mtu alitamka namba yake, zote zikaitikiwa. Mlango ukafungwa. Nyumbani kwao namba ishirini na mbili walidhani amepitiliza kwa shangazi yake. Likizo ilipokwisha, tukafungua mlango." Akalitazama dawati la mwisho. "Baada ya hapo hakuna mzazi aliyemleta tena mtoto wake. Lakini hesabu ilitimia. Nilisikia kwa masikio yangu ishirini na mbili ikiitika. Kiranja nilikuwa mimi."

Nikapandwa na hasira. Hadithi gani hiyo ya kuwasimulia watoto? "Haya, haya, tumeshukuru, tokeni nje, pangeni mstari!"

Wakaanza kutamka namba. Mimi nilikuwa nimeinama mlangoni naokota penseli, kichwa kinaniwanga, masikio tu ndiyo yanafanya kazi. Ishirini. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Zikaenda mpaka thelathini na saba. "Hesabu imetimia," nikasema, tukashika njia. Nyuma yetu mlinzi akafunga kufuli.

Tulipokaribia barabara kubwa nikageuka nimwambie mjukuu wangu afunge kamba za viatu. Simwoni.

"Ishirini na mbili!" nikaita.

"Nipo!"

Sauti ilitoka katikati ya mstari, nyembamba, yenye adabu. Haikuwa yake. Watoto wote walikuwa wamenikodolea macho, na hakuna aliyefumbua mdomo.

Roho ikaniruka. Nikamwambia mwalimu wa mazoezi asiwasogeze hata hatua moja, nikarudi mbio, mimi na magoti yangu haya. Mlinzi alipoona sura yangu aligeukia mlango kuufungua. Ufunguo ulimponyoka mara mbili.

Mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye dawati la mwisho, mikono juu ya zile namba zilizochongwa.

"Mbona hukutoka, mama?"

"Nilikuwa nakuja, bibi. Mtu akasema namba yangu. Nikadhani sitakiwi tena."

Nikamkumbatia, nikalia, wala sioni aibu kusema. Mlinzi yeye alikuwa anaangalia njia tuliyopita.

"Ametoka?" akaniuliza taratibu. "Leo ametoka?"

Nikamtoa mjukuu wangu nje, tukarudi kwa wenzake.

Kule barabarani sikuita namba tena. Niligusa vichwa, kimoja kimoja. Thelathini na nane. Nikarudia kutoka mwisho. Thelathini na nane. Nikawatazama nyuso. Wote nawajua, najua nani ana pumu, nani anatafuna kalamu, nani mama yake ni mkali. Mgeni hakuwemo hata mmoja.

"Vipi, mwalimu, wametimia?" kijana akauliza.

"Twende," nikasema.

Jioni nilisimama getini. Nilijiambia kwamba atakayekosa wa kumchukua, basi ndiye. Wakaja akina mama, wakaja akina baba, dada wakubwa, shangazi. Kila mtoto alimkimbilia mtu wake, na kila mtu akampokea wake, akambebea begi, akamfuta vumbi usoni. Nilingoja. Uwanja ukabaki mtupu, na hapakuwa na mtoto isipokuwa wangu, amesimama kando yangu.

Mwalimu Mkuu akapita. "Wote wamerudi salama?"

"Wote."

"Bibi," mtoto akasema, "mbona unaniangalia hivyo?"

Nilitaka kumuuliza jina la mama yake. Niliogopa jibu. Nikamshika mkono, nikampeleka nyumbani.