Aliyekaza Klipu

Tuseme ukweli hapa: kaka yangu alileta gari lake gereji ili baba yetu afeli. Mwenyewe atakataa mpaka kesho, lakini mimi namjua, tumelala chumba kimoja tangu enzi za kukojoa kitandani.

Mpira wa chini wa rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, ulikuwa unavuja. Klipu zake, zile pete za chuma zinazoubana mpira kwenye bomba, zilikuwa zimeliwa na kutu. Kazi ya asubuhi moja tu. Kaka alinivuta pembeni, nyuma ya rundo la matairi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, nikirudi nikakuta gari liko sawa, sifungui tena mdomo. Likiwa na kasoro, Baba anakaa nyumbani. Juzi kamwachia mteja gurudumu ambalo nati hazijakazwa. Tungezika mtu."

"Kasahau mara moja," nikasema. "Wewe hujawahi kusahau?"

"Mimi sigusi magurudumu ya watu."

Nilitamani kumtandika na spana. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakusema uongo. Tangu Mama afariki, Baba amekuwa akipotea kidogo kidogo: anakiita kitu kwa jina la kitu kingine, anatia chumvi kwenye chai, anauliza Mama atarudi saa ngapi. Lakini gereji ndiyo iliyokuwa ikimshikilia. Ukimnyima gereji, utampa nini? Umkalishe kwenye kochi atazame ukuta? Nimefanya kazi naye tangu nilipomaliza shule, sisi wawili tu, na siku ile niliapa kwamba mtihani wa kaka ataufaulu hata kama itabidi nimbebe mgongoni.

Tulivuka barabara kwenda duka la vipuri. Mwenye duka, mtu wa kitambi na maneno mengi, akatumwagia klipu juu ya kaunta. "Fundi, chukua hizi kubwa. Zinaingia mpira wowote, wewe unakaza tu."

Baba akaokota moja, akaigeuzageuza. "Klipu kubwa kwenye mpira mdogo haibani duara, inabana yai," akasema. "Halafu mkia wake unabaki unaning'inia na kuchana watu mikono. Nipe inayokaa hapa." Akatoa mfukoni kipande cha mpira wa zamani, akakiweka mezani.

Zikaletwa za saizi hiyo. Baba akapitisha kidole upande wa ndani wa mkanda, akakunja uso. "Hii meno yake yametoboka mpaka ndani. Mpira ukipata moto unavimba, unaingia kwenye matundu, unaliwa. Nataka yenye tumbo laini. Na kingo ziwe zimekunjwa kwa nje."

"Ala! Fundi, kwani unachagua mchumba?"

"Mchumba akiudhika atasema. Klipu haisemi mpaka injini imeungua."

Tulicheka wote watatu. Nikamwambia mwenye duka arudishe takataka zake ndani kabla hazijamtia aibu zaidi. Furaha niliyokuwa nayo, Mungu ndiye anajua. Huyu ndiye mtu wa kukalishwa kwenye kochi? Nilivuka barabara nimemshika Baba mkono, huku moyoni nikimpa kaka maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu.

Na kazi aliianza vizuri mno. Alizivalisha klipu kwenye mpira mpya kabla ya kuuchomeka, akazisogeza mpaka nyuma ya ule ukingo uliovimba kwenye mdomo wa bomba, akakaza kwa bisibisi taratibu. "Ukiona mpira umeanza kuvimba kidogo pembeni mwa mkanda, simama," akanifundisha. Akasimama. Akafuta mikono, akaweka kitambaa begani, akainama tena chini ya boneti.

"Lo! Hii bado sijaikaza."

Nikacheka, nikidhani ananitania. "Baba, umeshaikaza."

"Nimeikaza saa ngapi? Usinifundishe kazi, mtoto wewe." Akaizungusha tena.

Akaenda kutafuta ndoo, akasahau ndoo, akarudi mikono mitupu. "Mbona klipu hii haijakazwa?"

Akaikaza mara ya tatu. Alipogeuka nikailegeza haraka, mpira usije ukakatwa. Akarudi akaikaza. Nikailegeza tena. Tukawa hivyo, yeye akikaza mbele ya macho yangu na mimi nikilegeza akinipa mgongo. Nilitaka kumpigia kelele, na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya hata kimoja.

Kisha akanituma maji. Ningekataaje? Bomba la maji liko nyuma ya jengo, na siku ile maji yalikuwa yanatoka kwa kudondoka. Nilisimama pale nikiilaani ndoo isiyojaa. Nilirudi mbio, nimelowa miguu, nikamkuta Baba kainama na bisibisi yake, mishipa ya shingo imemtoka, anakaza kwa moyo mmoja kama mtu ndiyo kwanza anaianza kazi. Mkanda wa klipu ulikuwa umezama ndani ya mpira.

Nilifungua mdomo kusema, lakini kaka alikuwa tayari anaingia langoni.

"Karibu, karibu!" Baba akaita kwa furaha. "Gari lako hili, tayari!" Akanipokonya ndoo, akamimina maji kwenye rejeta. Maji yalitoka chini papo hapo, yakatapakaa sakafuni mpaka kwenye viatu vya kaka.

Baba akaweka ndoo chini. Akaingiza mkono, akapapasa, akautoa na kuutazama. "Mpira mpya kabisa huu! Umekatwa! Fundi gani kakaza hivi? Mtu kama huyu hafai kugusa gari la mwenzake." Akatugeukia. "Nani kaikaza hii?"

Kaka alinitazama, mimi nikatazama chini. Nilipoinua kichwa, macho ya Baba yalikuwa yameshuka kwenye bisibisi iliyokuwa mkononi mwake, na nikaona hofu ikimwingia. Sijawahi kuona hofu kwenye uso wa baba yangu, hata siku tuliyomzika Mama. Sikuweza kuvumilia.

"Ni mimi, Baba," nikasema. "Nisamehe. Nimeikaza mimi."

Hofu ikamtoka. Nilitarajia matusi, afadhali angenitukana. Badala yake aliniwekea mkono begani, na sauti yake ikawa laini, ile aliyokuwa akitutumia tukiugua utotoni.

"Mwanangu, wewe unasahau sana siku hizi. Nimekuwa nikiona, naogopa tu kukwambia. Kazi hii itatuulia mtu. Nenda ukapumzike nyumbani. Usirudi tena hapa."

Nikamtazama kaka anisaidie. Angeweza kusema ukweli pale pale, nami nilijua ningemchukia maisha yangu yote.

"Baba," akasema kaka, "bila yeye utafanya kazi na nani?"

Baba aliiangalia gereji: benchi, jeki, gari lililoachwa boneti wazi. "Peke yangu siwezi," akasema mwishowe. "Tufunge, basi. Mwanangu akipona tutafungua."

Kaka alivuta lango kwa mikono yake miwili. Alikuwa amepata alichokitaka, na alikuwa analia, mtu mzima yule, bila hata kujificha. Baba hakumwona. Alikuwa amenishika mkono, ananiongoza nje, ananionya nisikanyage maji nikateleza.

"Pole pole, mama," akaniambia tulipofika barabarani, vile alivyokuwa akimwita Mama. "Usiogope. Nyumbani ni huku."

Nyumbani kwetu ni upande wa pili. Kaka na mimi tulimfuata.